Jumamosi Nilipoosha Vibuyu

Mtu anayeishi kwa kuandika kuhusu chakula, rafiki yangu, hujifunza kunusa kabla ya kusikiliza. Majuzi mhariri mmoja aliniomba makala kuhusu mursik, maziwa yetu ya kibuyu, nami nikaenda hadi soko la Merigi kutafuta kibuyu cha kupigia picha. Muuzaji aliniapia kwamba alichonacho ni safi kabisa. Nikafungua kifuniko, nikapeleka pua. Sabuni. Nilikirudisha mezani. Yeye alidhani natafuta kupunguziwa bei, akaanza kupunguza, nami nikazidi kurudi nyuma.

Nimeandikia magazeti matatu tofauti, sijawahi kuajiriwa na hata moja, na wahariri wote hulalamika jambo lile lile: kwamba siamini watu. Mpishi akiniambia wali wake ni mchele, maji na chumvi tu, mimi hubaki jikoni kwake hadi auweke motoni. Wanadhani ni ukali wa kazi. Si kazi. Ni mambo ya nyumbani.

Nyanya ndiye aliyenilea, upande wa juu wa Merigi, katikati ya miaka ya tisini. Asubuhi ukungu ulikuja hadi kizingitini, na ndoo ikigonga jiwe ulijua ng'ombe ameshakamuliwa. Alasiri wanawake walirudi kutoka kituo cha majani, vikapu vitupu mgongoni, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. Kisha mvua, siku nyingine ya mawe, ikapiga mabati hadi mazungumzo yakakatika yenyewe. Jikoni kwetu palikuwa na mawe matatu, moshi wa kudumu, na kwenye kona ya giza vibuyu vitano vya nyanya, vimefungwa mikanda ya ngozi na kupambwa kwa kauri.

Vile vibuyu havikuguswa ovyo. Nyanya aliviosha kwa maji matupu, akavisugua ndani kwa ufagio wake mwembamba wa kijiti, akavianika. Kisha alichoma tawi la senetwet, ule mti wenye maua ya manjano, hadi likawa kaa, akalisaga ndani ya kibuyu akikizungusha ili weusi ushike kila upande. Ndipo maziwa yaliyochemshwa na kupoa yakaingia, yakakaa siku nne au tano. Yalitoka mazito, rangi ya wingu la mvua, na ugali wa wimbi haukuhitaji kitu kingine.

Jirani yetu alitoka upande wa ziwa. Mume wake alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha chai, na kwa kuwa yeye mwenyewe alijifungua watoto wawili kwa mpigo, kijiji kizima kilimwita Mama Mapacha. Nyanya alimwita hivyo pia, naye akamwita nyanya Kogo kama sisi wajukuu. Walikuwa marafiki kwa namna ya watu wanaochunguzana. Moto ukizima kwake, alikuja kuchukua makaa kwetu. Mgagani, ile mboga chungu, ukikomaa kwetu, nyanya alimpelekea kikapu, kwa sababu hakuna aliyeupika kama yeye: aliulaza kwenye chungu pamoja na maziwa, akaupasha siku tatu mfululizo, hadi uchungu wote ukaisha.

"Kogo, sasa hii ni maziwa ama ni simiti?" alimchokoza nyanya siku moja, akishika kikombe cha mursik.

"Kunywa, utajenga mifupa," nyanya akajibu. "Hiyo omena yako ndiyo siwezi. Mimi sili kisamaki kinaniangalia."

Wakacheka wote wawili. Lakini Mama Mapacha alipotoka, nyanya aliinuka akahesabu vibuyu kwa macho. Alikuwa na msemo wake: usimwamini anayesifu chakula kabla hajakionja.

Mimi nilikuwa darasa la sita, na nilikuwa na daftari. Mwalimu wetu wa Sayansi Kimu alituagiza tuandike kwa wiki moja kila kilichopikwa nyumbani. Wiki ikaisha, mimi nikaendelea. Niliandika kilichopikwa, aliyekipika na aliyeingia jikoni, kila siku mstari wake, nimepiga rula. Nyanya hakulipenda lile daftari. "Anayeandika sufuria za watu," alisema, "iko siku ataandika yake." Lakini hakunikataza.

Mwalimu huyo huyo alitufundisha usafi wa vyombo. Kila chombo cha chakula, alisema, kioshwe kwa maji moto na sabuni, kisuuzwe mara mbili, kikaushwe juani. Aliuliza ni nani nyumbani kwao hawafanyi hivyo. Niliinamisha kichwa.

Wiki hiyo tulikuwa tunajitayarisha. Shangazi yangu, mtoto wa mwisho wa nyanya, alikuwa anaposwa, na wageni kutoka upande wa Siongiroi walitarajiwa Jumamosi iliyofuata. Basi Jumamosi nyanya alipokwenda kuchuma chai, nilivitoa vibuyu vyote vitano nje. Nilivijaza maji moto, nikatia sabuni ya unga konzi kwa konzi, nikatikisa hadi povu likatoka mdomoni. Nilisuuza mara mbili, kama tulivyofundishwa, nikavianika. Nilikuwa na furaha kubwa. Nyanya aliporudi alifikiri nimeviosha kwa maji, akanisifu. Moshi wa senetwet ukafunika harufu, na Jumatatu maziwa yakaingia.

Sikujua kwamba kibuyu hunywa. Sufuria ukiisuuza imesuuzika. Kibuyu hushika kila ulichokipa.

Wageni walifika na mvua. Mzee wao aliketi penye mwanga, na nyanya mwenyewe akatikisa kibuyu kikubwa, akafungua, akammiminia. Yalitoka mepesi, na juu yake povu ambalo halikutulia. Mzee alionja kidogo tu. Alikiweka kikombe chini polepole, akapangusa mdomo kwa kiganja.

"Mama," alisema kwa upole, "tuletee chai tu."

Kwenu huenda hilo si neno. Kwetu, mgeni wa posa kuomba chai mbele ya kibuyu kilichofunguliwa ni sawa na kuinuka na kwenda zake. Shangazi alitazama ukutani. Nyanya alifungua kibuyu cha pili, cha tatu, vyote vilikuwa hivyo hivyo. Mazungumzo ya posa hayakufika mbali siku hiyo. Wageni walisema watarudi, na sauti waliyoitumia haikumpa mtu usingizi.

Walipoondoka, nyanya aliniita. "Leta hicho kitabu chako. Nani aliingia jikoni kwangu wiki hii?"

Nilisoma kwa sauti, nimesimama wima kama mbele ya darasa. Jumatatu hakuna mgeni. Jumanne mvua ya mawe, hakuna mgeni. Jumatano Mama Mapacha alikuja kuchukua makaa, akasimama karibu na vibuyu, akasema vinanukia vizuri. Alhamisi na Ijumaa hakuna mgeni.

"Soma tena ya Jumatano."

Nikasoma tena. Kila neno lilikuwa kweli. Lakini lile povu nililiona, na nililijua. Juu kidogo, kwenye mstari wa Jumamosi iliyotangulia, nilikuwa nimeandika: *Leo nimesafisha vyombo.* Nyanya hakuuliza kuhusu Jumamosi iliyotangulia. Nami sikuisoma.

"Jicho baya," nyanya akasema. "Alisifu kabla ya kuonja."

Jioni ile ile Mama Mapacha alikuja na sahani ya mgagani, amesikia tulikuwa na wageni. Nyanya alimkuta kwenye ua, hakumruhusu apite.

"Kuanzia leo, moto utautafuta kwingine."

"Kogo, nimekosa nini?"

"Wewe unajua."

"Mimi sijui. Niambie nijue."

Nyanya alinionyesha kwa kidevu. "Imeandikwa."

Mama Mapacha aliniangalia, akaliangalia daftari. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma. "Na huyu mwandishi wenu," alisema, "ameandika pia zile siku alikula kwangu?" Aliiweka sahani juu ya mti wa ua, akageuka. Kuku ndio walioumaliza ule mgagani.

Wageni walirudi mwezi uliofuata na shangazi akaolewa. Kwa hiyo hakuna kilichoharibika, watu walisema. Lakini neno la jicho lilikuwa limeshatembea. Wanawake waliacha kumpa Mama Mapacha makaa. Watoto wake mapacha walipokaribia, kina mama waliwafunika wachanga wao kwa leso. Kabla ya mwaka kuisha mume wake aliomba uhamisho, wakapakia vyombo vyao, wakaenda. Nyanya alisimama mlangoni akaangalia hadi gari likapotea kwenye chai. Hakutia mgagani mdomoni tena.

Nilimwambia nyanya nikiwa nimeshaanza kulipwa kwa maandishi. Alikuwa mgonjwa, ameketi juani. Nilimweleza yote, sabuni, povu, mstari nilioruka.

"Nilijua," akasema. "Jumatatu baada ya wageni, nilipovisugua, ufagio ulitoka na povu."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Maneno nilikuwa nimeshayatoa. Ningeenda kwake niseme nini? Kwamba msichana wa nyumba yangu hajui kuosha kibuyu, na mwingine bado anaposwa?"

Hadi leo sijui kama ni kweli, au alijitwika kosa langu ili nilale. Nimeligeuza jibu lile kama nigeuzavyo maelezo ya mpishi anayeficha kitu, na sioni penye nyufa. Nyanya ameshazikwa. Jiko limebomolewa, mursik sasa inauzwa ndani ya chupa za plastiki kando ya barabara, na wasichana wa darasa la sita hawajui kuchoma senetwet wala hawahitaji kujua.

Mmoja wa wale mapacha ana hoteli ndogo Siongiroi. Nimeambiwa mama yake huketi nyuma, karibu na moto, akionja. Nimepita hapo mara mbili kwa ajili ya kazi, mimi ambaye nimeingia jikoni mwa watu nisiowajua hata majina, nikafunua vifuniko bila haya. Hapo sijaingia. Kufukuzwa hakunitishi. Ninachohofia ni kwamba Mama Mapacha atanitambua, atanivutia kiti, atanipakulia, na hataniuliza neno.