Dakika Mbili za Shefu wa Avenue

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hapa Bagira, pembeni mwa Bukavu, kuna watu wanaojua Uvira, Goma, Minova na masoko yote ya katikati. Mimi naijua vizuri njia ya kutoka kitandani mpaka kwenye kiti cha salon, pale sebuleni, na hata hiyo kuna siku naikatiza. Kwa hiyo nilipomwambia maman kwamba nimekubaliwa kusomea kazi ya encadreur, yaani mtu wa kuwafuata vijana huko waliko na kuwasaidia wajipange, aliweka chini kisu alichokuwa anamenyea viazi akaniangalia kwa huruma.

"Bale vijana bako inje," akasema. "Unajua inje iko wapi?"

Masomo yenyewe ni ya kazi na darasa pamoja: siku tatu uko kituoni na vijana, siku mbili uko mjini unasoma, na baada ya miaka mitatu unapata licence, yaani shahada. Nilikuwa na diplôme d'État tu, cheti cha kumaliza sekondari, imekaa kwenye bahasha miaka mitano bila kumsumbua mtu. Kituo changu kiko hapa hapa Bagira: ukumbi mmoja wa mabati, chumba cha kushona, na karakana ya useremala. Nilikichagua kwa sababu za kitaalamu. Kwamba ni dakika saba kutoka kwetu, hiyo ni bahati.

Mwaka wa kwanza ulipita. Wa pili ndio wenye mtihani: unaongoza kikao kimoja cha vijana, cha saa moja, na msimamizi wako ameketi nyuma na fomu. Fomu ina mistari mingi, lakini ule wa mwisho ndio unaomaliza watu: vijana waondoke na uamuzi waliouchukua wao wenyewe. Ukishindwa, unarudia mara moja. Ukishindwa tena, masomo yamekwisha na nafasi yako kituoni anapewa mwingine.

Msimamizi wangu ni maman mmoja aliyeanza kazi hii nikiwa bado nafungiwa viatu. Alinipa mada: kwa nini darasa la kushona la asubuhi liko tupu, na kifanyike nini.

Nilijiandaa kama mtu anayeoa. Mnajua sisi watu wa Bukavu na mkutano. Niliweka meza ya heshima mbele, nikaitandika kitambaa cha maman cha Noeli na maua ya plastiki. Nilialika shefu wa avenue, yaani mkubwa wa mtaa wetu, rais wa kamati ya wazazi, na pasta, ambaye kwa kweli alikuwa anapita tu. Vijana kumi na wanne niliwapanga kwenye mabenchi, mstari kwa mstari. Tulifungua kwa sala. Tukaimba wimbo wa taifa. Nikawatambulisha wageni, mmoja baada ya mwingine, na vyeo vyao. Rais wa kamati akatoa neno la kukaribisha. Pasta akatoa neno la kutia moyo. Shefu wa avenue akatoa neno la hafla, akaanzia enzi ambazo Bagira ilikuwa na nyumba chache. Kisha mimi, nikasema protokoli yote imeheshimiwa, nikasoma kurasa tatu za Kifaransa nilizoziandika mwenyewe, na sauti haikutetemeka hata mahali pamoja. Nilipofika kwenye "na sasa, majadiliano", saa ilikuwa imekwisha. Tukapiga makofi, tukafunga kwa sala.

Nilitoka nje nikijiona nimepata distinction, alama za juu kabisa. Msimamizi alikuwa anaweka fomu ndani ya mfuko.

"Papa, umeongoza muzuri sana," akasema. "Kijana gani alisema leo?"

Nikafikiri. "Ule aliomba, maman."

"Ule alisema na Mungu. Na wewe, nani alisema na wewe?"

Kwenye mstari wa mwisho aliandika sifuri, nzuri, ya mviringo kabisa, akaniambia nina wiki tatu. "Na usikae kwenu ukaandika zingine kurasa. Enda kule kwenye batoto bako asubuhi. Wakati darasa iko tupu, bo bako wapi?"

Walikuwa kwenye robinet, yaani bombani. Kila asubuhi maji yanatoka kwenye robinet ya mtaa, na wasichana wote wa darasa la kushona wako pale na bidon zao, madumu ya njano, foleni mpaka kwenye kona. Siku ya kwanza nilifika na daftari. Kosa lingine. Msichana mmoja mrefu, ambaye kwenye kikao changu alikuwa amelala macho wazi, akanipima kuanzia viatu, akaniita mjomba kwa Kifaransa.

"Tonton Protokoli! Bidon yako iko wapi?"

"Nimekuja kuwasalimia tu."

"Mwanaume anasimama kwa robinet bila bidon, ao iko nachunguza siri za watu, ao iko natafuta bibi ya kuoa. Wewe iko gani?"

Foleni nzima ikacheka. Nikarudi nyumbani, nikachukua bidon. Maman aliponiona nikirudi saa tano na lita ishirini begani na shati limelowa, aliita jirani aje ashuhudie. Nilikwenda asubuhi zote ambazo sikuwa darasani mjini. Mwanzoni walinipitisha nyuma makusudi, kunijaribu. Wiki ya pili walikuwa wananiwekea nafasi, na wanasema mbele yangu mambo yao kama vile mimi ni bidon mojawapo. Nikajua kwa nini chumba cha kushona kiko tupu. Hata suluhisho nilikuwa nalo, limekaa kichwani limenyooka, na nilivyojijua ningetaka kulitangaza.

Msimamizi alinikatiza mapema. "Ukilisema wewe, litakuwa lako. Funga kinywa."

Siku ya marudio hakukuwa na meza wala maua. Viti vya duara. Nilimwomba yule msichana mrefu aongoze zamu za kusema, nikauliza swali moja tu: "Darasa liko tupu asubuhi. Tufanye nini?" Nikanyamaza. Hakuna aliyejibu. Nilisikia mabati yakilia kwa jua. Nilihesabu misumari ya mlango. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na sikuwa nafanya kitu.

Hatimaye msichana mrefu akasema, "Maji njo iko natuchelewesha." Basi, ikawaka. Mmoja alitaka darasa lihamie mchana. Mwenzake akasema mchana anamuuzia mama yake samaki. Mmoja akasema kwa nini vijana wa useremala wasiwashikie foleni asubuhi mbili kwa wiki, na karakana ianze mchana siku hizo. Vijana wa useremala wakaruka.

"Mwanaume na bidon? Apana!" akasema mmoja wao, mfupi, mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi.

"Kwenu munakunywaka nini, vumbi?" akamrudishia msichana mmoja.

Hapo hapo, kelele zikiwa zimepanda, mlango ukafunguka. Shefu wa avenue. Sikuwa nimemwalika, lakini alikuwa amesikia kuna kikao. Koti, kofia mkononi, na kutoka mfuko wa ndani alikuwa tayari anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Vijana wote wakasimama. Sauti zikafa. Wote wakaniangalia mimi, maana kila mtu anajua kinachofuata: mkubwa ameingia, mkubwa anapewa neno. Ningempa, asingemaliza kabla ya saa kwisha. Nisingempa, ningekuwa kijana asiye na adabu, mtoto wa maman fulani, na avenue nzima ingejua kabla ya jioni. Nilimwona msimamizi nyuma ameshika kalamu, hanisaidii hata kwa jicho.

Nilimwendea, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikainama.

"Papa shefu, karibu sana. Leo batoto njo banasema. Sisi bakubwa tuko nasikiliza. Nimekuwekea kiti."

Nilikuwa sijaweka kiti. Nilimpa changu, nikaketi sakafuni. Alibaki amesimama muda ambao mimi niliuona mwezi mzima, karatasi mkononi. Kisha akakaa, amekunja uso. Vijana nao wakakaa. Nikamgeukia msichana mrefu na kumwambia tu, "Mulikuwa kwenye bidon."

Wakaendelea, kwanza polepole, kisha kama vile hakuna mkubwa. Na mara shefu, mzee mzima, akanyoosha kidole juu kama mwanafunzi. Msichana mrefu akamwangalia.

"Papa shefu, uko na dakika mbili."

Mtu mmoja akajizuia kucheka. Shefu akarudisha karatasi mfukoni. "Mimi niko na swali moja," akasema. "Zamu za bidon, nani ataziandika? Musipoandika, mutagombana."

Wakaandika. Jumanne na Alhamisi vijana wa useremala washike foleni, wasichana washone, karakana ifunguliwe mchana. Na mwenye kusimamia orodha ya zamu akachaguliwa kwa kelele yule mfupi mwenye vumbi, kwa sababu ndiye aliyekataa zaidi. Msichana mrefu akasoma uamuzi mara mbili, wakainua mikono, wote kumi na wanne.

Msimamizi alisaini nje, fomu ameiweka kwenye mgongo wangu kwa sababu hakukuwa na meza. Nilihisi kalamu ikipita kwenye mstari wa mwisho, na nakuambieni, nilisimama wima kuliko mlingoti. Mwaka wa tatu ni wangu.

Nyumbani maman alikuwa anangoja mlangoni.

"Umepita?"

"Nimepita."

"Ulisema nini, safari hii?"

"Karibu sikusema kitu, maman. Nilinyamaza, batoto bakaamua."

Akavuta kitenge, akatoka barabarani. Nikamsikia akianza kwa jirani wa kwanza, sauti ya juu kabisa: mutoto yake amefaulu kwa kunyamaza, tuone nani mwingine kwenye avenue hii anaweza. Alikwenda nyumba kwa nyumba, na kila nyumba hadithi ilikuwa ndefu zaidi. Mahali fulani nilikuwa nimeshamfukuza shefu. Ningeweza kutoka nikamsahihisha. Nikaketi, nikamwacha aseme.