Musimbi Habebwi Tena

Mwaka wa 1996, soko jipya la njia ya Shirere, Kakamega, lilipokamilika, lilikuwa na paa zuri la mabati, maji ya mfereji, na ngazi pande zote, kana kwamba waliolichora hawajawahi kuona mtu asiyetembea. Haya, mwambie Musimbi apande! Fundi huyo wa nguo, ambaye polio ilimlemaza miguu tangu utotoni, alitembelea baiskeli ya magurudumu matatu aliyoiendesha kwa mikono, na kibanda alichopewa kilikuwa huko juu. Bwana Were, afisa wa soko, alikuwa ametangaza kwamba atakayekosa kufungua siku ya kwanza, kibanda chake atapewa mwingine.

"Wasiwasi wa nini, dada?" akasema Were. "Vijana wamejaa hapa. Watakubeba."

"Sibebwi."

Watu wakamwona ana kiburi. Hata Dorothy, rafiki yake muuza dagaa wa omena, alinuna. "Kwani sisi si watu wako? Si tutakubebanga kila asubuhi!"

Walikuwa wamesahau mazishi ya mamake Musimbi. Siku ile walimbeba kwa upendo, wakamketisha kando ya kaburi, baiskeli ikabaki barabarani. Mvua ya alasiri, ile ya Kakamega isiyobisha hodi, ikashuka. Waombolezaji wote mbio chini ya turubai. Musimbi akabaki matopeni akiita, nyimbo zikaimeza sauti yake. Aliumia, jamani, aliumia sana. Akaapa.

Siku ya kufungua aliegesha baiskeli mbele ya ngazi, cherehani mapajani. Alasiri mvua ikaja. Wote wakakimbilia juu.

"Musimbi, tukubebe!"

Akatikisa kichwa, maji yakimtiririka usoni. Hapo ndipo Dorothy alipokumbuka kaburi. Akajishika mdomo. Akashuka, akasimama kando yake mvuani, akawaita wenzake kwa ukali. Wakashuka mmoja mmoja, hadi Were akabaki juu peke yake, mkavu, akilinda soko lisilo na wachuuzi.

"Mnataka nini?" akapaza sauti.

"Njia," akasema Musimbi. "Nipande mwenyewe."

Wiki iliyofuata mafundi wa ujenzi walioletwa na Were walivunja ngazi za upande mmoja, wakamwaga saruji, wakatengeneza mteremko. Ulipokauka, Musimbi akaanza kupanda. Dorothy akamsukuma kidogo kutoka nyuma.

"Toa mkono!"

Akapanda, mabega yakimuuma, mpaka kibandani. Mara wingu likapasuka, na wanawake waliokuwa chini wakimtazama wakatimua mbio. Musimbi alikuwa pakavu tayari, akiwacheka.

"Kimbieni, nyinyi! Ama niwabebe?"