Zipu ya Biblia Yangu

Jamani, acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Alhamisi jumuiya ilikutana uani kwangu hapa Mchukwi, na mimi ndiye niliyepangiwa kufundisha. Somo lilikuwa Mkristo na kusoma Neno kila siku. Niliwasema wenzangu bila huruma.

"Simu mnazishika kutwa, Biblia hadi Jumapili! Mimi chai hainipiti kooni kabla sijasoma."

Jirani yangu Bi Mwajuma alikaa pembeni akisubiri sufuria yake niliyoazima. Yeye ni Mwislamu, na kila alfajiri namsikia akisoma Kurani mimi nikiwa bado nimejifunika shuka.

Nikaenda kuchukua Biblia juu ya kabati. Kufungua kava, zipu iliyobaki wazi kidogo pembeni haisogei. Nikavuta kwa meno. Wapi!

"Mnaona?" nikasema. "Shetani hataki Neno lifunguliwe!"

Basi watu wakasimama wakakemea kwa sauti, nami nikakemea kuwashinda wote, huku navuta.

Zipu ikaachia ghafla. Mabonge ya udongo mkavu yakanimwagikia mapajani. Mzee wa kanisa akaokota bonge moja, akaligeuza.

"Mwalimu, hii si nyumba ya nyigu?"

"Labda wameingia jana," nikajibu.

Bi Mwajuma akasogea, akachungulia vile vitundu vya udongo, kimoja kimoja. Vyote vitupu.

"Jana ipi, shoga? Hawa wamejenga, wamezaa, na watoto wameshakua wakahama."