Chupa Isiyo na Jina

Marehemu dada aliyenifundisha kazi ya benki ya damu hospitalini Kasulu alinipa mtihani siku moja. Nikifaulu, ningeruhusiwa kuandaa damu ya wagonjwa peke yangu. Chupa moja ya sampuli haikuwa na jina. Nilisahau kuliandika, lakini nilijua ni ya mama mmoja wa kijiji cha Titye, maana mimi ndiye niliyemtoa damu. Nikaipima.

“Kundi O, sawa kabisa,” dada alisema. “Umefeli.”

“Lakini dada, naijua!”

“Wewe unaijua. Mwenzako wa zamu ya mchana je? Kamtoe damu tena, na umwombe radhi.”

Yule mama alinyoosha mkono akicheka. “Mwanangu, ile ya kwanza umeinywa?”

Wiki iliyofuata nilifaulu. Dada alinipigia makofi, yeye peke yake. Nilipotupa udongo kaburini kwake, niliyakumbuka makofi yale.