Tarehe Chini ya Kopo

Mtaani walimwita Bwana Risiti. Alikuwa msimamizi wa duka la ushirika, duka la vyakula lililomilikiwa na wanachama sitini na wawili, wengi wao majirani wa barabara tatu zinazolizunguka. Hakuna aliyetoka pale hata na kiberiti kimoja bila kukabidhiwa karatasi yake. "Chukua risiti yako," alimwambia kila mtu, mkewe akiwemo. Watu walimcheka, lakini walimwamini. Akisema unga ni mpya, hakuna aliyenusa mfuko.

Mambo yalianza kwenye kikao cha kamati, aliposhikilia kwamba duka liagize katoni tano za maziwa ya unga ya watoto wachanga. Mwenyekiti wa ushirika alikuwa fundi cherehani, dada mkubwa wa mkewe, mwanamke mwenye mdomo wa utani.

"Shemeji," alisema, "watoto wa mtaa huu wameshaota meno yote. Hao wachanga utawatoa wapi?"

Wajumbe wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alitoa hesabu za wajawazito alizozipata kliniki, akachora na mchoro ubaoni, mpaka wakachoka, wakamwachia.

Maziwa yakadoda. Alipunguza bei, akayapanga karibu na mlango, akayasifia kwa kila mjamzito aliyeingia, lakini wapi. Tarehe ya mwisho ya matumizi ilipofika, makopo kumi na saba yalikuwa bado rafuni. Sheria aliijua. Aliiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu na kuibandika stoo: bidhaa iliyopitwa na tarehe iondolewe, iandikwe, iteketezwe mbele ya mwenyekiti. Hapo kwenye mwenyekiti ndipo alipokwama. Kila alipofikiria kumwita, alisikia kile kicheko cha kikaoni.

Jumapili moja asubuhi, duka likiwa limefungwa, alijifungia stoo na pamba, muhuri wa tarehe wa ofisini, na kichupa cha dawa ya kutolea rangi ya kucha alichokichukua kwenye kabati la mkewe. Tarehe zilichapwa kwa wino mweusi chini ya kila kopo. Zilifutika upesi kuliko alivyotarajia, na hilo lilimtisha kidogo. Akagonga tarehe mpya, miezi minane mbele. Makopo matatu ya kwanza aliyagonga huku akiutazama mlango. Kufikia la kumi na saba, alikuwa anapiga mluzi.

Nyumbani mkewe alimnusa mlangoni. "Mume wangu, siku hizi unapaka rangi kucha?"

"Nilikuwa nafuta wino wa muhuri."

Si uongo, alijiambia, akaenda kuoga.

Ndani ya mwezi aliuza makopo tisa. Moja alilinunua msusi wa nywele aliyepanga chumba nyuma ya duka, mama wa mtoto wa miezi mitano. Mtoto akaharisha siku tatu. Msusi akampeleka kliniki, akabeba na kopo. Muuguzi alipolipindua na kulifuta vumbi kwa kidole chenye maji, tarehe ilibaki kidoleni. Akampigia simu mkaguzi wa vyakula.

Mkaguzi alikuwa msichana mpole mwenye viatu vya raba na daftari. Aliyakusanya makopo manane yaliyobaki, akaenda stoo. Kule, katoni tupu zilikuwa zimetandazwa chini ya magunia ya mchele kuzuia unyevu. Akainua moja. Ubavuni ilikuwa na namba ya toleo ileile ya makopo, pamoja na tarehe ya kiwandani.

"Mzee, hii katoni inasema maziwa yaliisha muda mwezi jana. Kopo linasema mwakani. Nani amebadilisha?"

"Labda yamekuja hivyo," alisema Bwana Risiti. Ulimi wake ulitangulia kabla hajaamua.

Mkaguzi aliandika. Kisha akauliza leseni ya duka ina jina la nani. Ilikuwa na jina la mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama. Akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba mwenye leseni ndiye anayejibu mbele ya sheria kwa kila kinachouzwa dukani, awe alijua au hakujua. Duka likafungwa na kupigwa lakiri. Siku ya pili wito wa mahakama ukapelekwa kwa fundi cherehani.

Wanachama waliitisha mkutano nje ya duka lililofungwa. Mmoja alithubutu kuuliza kama tarehe hazikubadilishwa humo humo ndani. Mwenyekiti alisimama kwa hasira.

"Nani? Huyu? Huyu anayemlazimisha mkewe achukue risiti ya chumvi? Muoneeni haya jamani! Ni yule msambazaji aliyetuletea maziwa, na tutamshtaki."

Watu wakapiga makofi. Wengine walimshika Bwana Risiti bega, wakampa pole. Alizipokea. Alisema hata "asanteni."

Jioni ile shemeji yake alimwita kwenye chumba chake cha ushonaji. Alikuwa anapunguza urefu wa gauni jeusi, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"La mahakamani hili," alisema. "Tangu nizaliwe sijawahi kusimama mbele ya hakimu, angalau nisionekane ovyo. Wewe una mwandiko mzuri. Niandikie barua ya kumshtaki yule msambazaji. Anza na kwamba alituuzia maziwa mabovu akijua."

Aliketi, akaandika tarehe, akaandika anwani. Akaandika, *Sisi wanachama tunalalamika kwamba.* Hapo kalamu ikagoma. Cherehani iliendelea kulia. Alimtazama mwanamke yule akikunja pindo la nguo ya kwendea kushtakiwa kwa kosa lake yeye, akahisi uso unamwaka mpaka masikioni.

"Shemeji, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Tarehe. Nilizifuta mimi."

Cherehani ikanyamaza. Fundi akageuka.

"Kwa nini hukuniambia kwamba yamepitwa?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo," alisema taratibu. "Ningekucheka siku mbili, halafu tungeyachoma."

Alichukua ile karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mkasi.

Kesho yake Bwana Risiti alikwenda mwenyewe kwa mkaguzi, akasimulia yote, hata kile kichupa cha mkewe. Mahakamani alikiri. Hakimu alimhukumu kufanya usafi kliniki miezi minne, na kumzuia kusimamia biashara ya chakula kwa miaka miwili. Mwenyekiti hakufungwa, lakini hakuachiwa hivi hivi: alipewa onyo la maandishi, kwa kuwa leseni ilikuwa yake, na ushirika ukatozwa faini. Alilivaa lile gauni jeusi, akalisikiliza onyo wima. Wiki iliyofuata alijiuzulu uenyekiti, ingawa wanachama walimsihi abaki.

Kwa mdogo wake, mke wa Bwana Risiti, bado huja kula Jumapili. Humpakulia Bwana Risiti wa kwanza, humuuliza habari za mgongo, humwambia chumvi iko pale. Hamtanii tena. Mkewe alisema siku moja, "Afadhali angekutukana." Naye akakubali kwa kichwa, maana ndivyo alivyokuwa akiomba kimoyomoyo.

Lakini siku iliyomlemea kuliko ya hakimu ilikuwa ya wiki ya pili ya adhabu. Alikuwa anapiga deki korido ya kliniki, msusi akaingia na mtoto mgongoni. Walitazamana. Alitamani kujificha nyuma ya ndoo.

"Ilikuwa ni yale maziwa?" msusi aliuliza.

Swali hilo Bwana Risiti alikwisha kumwuliza daktari mara mbili. "Daktari anasema haiwezekani kujua. Huenda ni maji, huenda ni chupa."

"Simuulizi daktari. Wewe uliponiuzia, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanipa risiti."

"Nikakupa."

Msusi akamfungua mtoto mgongoni, akampandisha kwenye mizani ya watoto. Muuguzi akasoma uzito kwa sauti, akasema anaendelea vizuri. Bwana Risiti alikwisha kuinama tena, akisugua mahali ambapo palikuwa pameshatakata.