Kolay Gelsin Juu ya Kaburi la Baba

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Ngano ya serikali ilituzunguka hadi macho yanachoka, na sisi tunapanga foleni ya mahindi ya msaada, ugali unanuka gunia.

Nilikuwa nafua na kupika kwa fundi wa matrekta ya mashamba hayo ya ngano, Mturuki, upande wa Gitting. Shule niliachia darasa la pili, lakini kichwa changu si kibovu. Kituruki nilikishika jikoni kwa mkewe. Ukimkuta mtu kazini unamwambia kolay gelsin, kazi ije kwako nyepesi. Kwa mgonjwa, gechmish olsun, yapite. Ule mkia, sin au sun, ndio unaobeba dua, kama sisi tunavyogeuza "yanapita" tukasema "yapite". Usiposema, wanakuona kama mtoto aliyepita bila shikamoo.

Asubuhi moja nikasikia trekta upande wa kwa baba. Nikakimbia na povu mikononi. Baba hakufukiwa hivi hivi. Ukoo mzima ulimjengea kaburi la udongo na samadi, likampita mtu kwa urefu. Mvua zikalishusha. Kwa mgeni ni kichuguu. Fundi alikuwa anajaribu plau, na mifereji imeshafika miguuni pa baba.

Nikapanda juu ya kaburi. Trekta likaja hadi moshi ukanijaa mdomoni, likasimama linanguruma. Mkewe akanifuata mbio.

"Dada, shuka! Atakukanyaga!"

"Na akanyage. Baba yangu yumo humu."

Akashika kichwa. Hakuwa mtu mbaya. "Umekuja bila salamu, ndiyo maana kakasirika. Sema kolay gelsin, atashuka mzungumze. Neno dogo tu, dada."

Fundi, aliyezoea kuniita mwalimu kwa utani, akapiga kelele kutoka kwenye usukani: "Haya, mwalimu! Leo Kituruki kimekwisha?"

Nilijua ninachoombwa: niombe plau iingie kwa baba bila kukwama.

"Kazi hii siiombei wepesi."

Mkewe akapanda trekta, akamwambia sikioni nimesimama juu ya nini. Injini ikazimwa. Fundi akashuka, kofia mkononi, hanitazami. Akasema kaburi atalizunguka; atalima malisho yaliyobaki tu, yale ya ng'ombe wetu.

"Sasa sema basi, mama, tuachane vizuri."

"Kazi hii siiombei wepesi."