Birika la Hedvig Sporre

Mwaka ule kahawa ilipopigwa marufuku hapa Stokholm, wengi wetu wa mtaa wa Södermalm tulikaanga shayiri, tukainywa huku tumenuna. Hedvig Sporre, mke wa mshona glavu, hakukubali. Alifunga madirisha, akaziba chini ya mlango kwa matambara, akawaalika mashoga zake.

"Hii ndiyo kahawa, Beata, si yale makapi ya kwako!"

"Kunywa upesi wewe, usije ukatufungisha."

Walikuwa wanacheka bado, mlango ukagongwa. Askari wa mji. Wanawake wakaficha vikombe chini ya marinda. Beata aliungua paja na hakuthubutu kulia. Lakini birika lilikuwa jikoni, juu ya makaa, na harufu imejaa nyumba.

"La nani hili?" askari akauliza.

Mume wa Hedvig ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuwauzia glavu mabibi wa kasri. Labda hilo ndilo lililomjia Hedvig akilini. Akamnyooshea kidole Malena, mtumishi wake.

"La huyu! Kumbe ananipikia haramu nyumbani mwangu!"

Malena, ambaye hata mashapo ya kahawa ile hakuwahi kupewa, alisema neno moja tu: "Mama?"

Walimpitisha barabarani amebeba birika mwenyewe, watoto wakimzomea. Hedvig alibaki akiosha vikombe, akavirudia tena, ingawa vilikuwa safi tangu mara ya kwanza.

Asubuhi alishindwa kuvumilia. Alikwenda mahabusu, akamwambia ofisa, "Bwana, kahawa ilikuwa yangu."

Ofisa akatabasamu. "Bibi, una huruma sana. Wangapi wangejitwisha kosa la mtumishi? Nenda nyumbani. Tutamwachia kesho kwa heshima yako."

Hedvig akashukuru. Kisha akaondoka.

Habari zikaenea. Kanisani Jumapili watu walimpisha akae mbele, wakimwita mwanamke mwenye moyo. Alikaa pale uso unamwaka, wimbo haumtoki. Beata pembeni yake alikuwa anakitazama kiatu chake.

Malena hakurudi kwake. Alipata kazi ya kufua kwenye gati la ziwani, na huko ndiko Hedvig alikomfuata, barafu imeanza kushika ukingoni.

"Malena, mwanangu, nilikwenda. Niliwaambia ukweli."

"Nilisikia. Hawakukuamini."

"Hawakuniamini, Mungu ni shahidi."

Malena alikamua shuka, mikono myekundu kwa baridi. "Uliwaambia mara ngapi?"

"Mara moja."

"Aha."

Malena akatandaza shuka juu ya ubao, akaendelea kulipiga kwa rungu. Wafuaji wengine wakaacha kazi, wakimtazama Hedvig. Hedvig alisimama, maji yakimrukia sketi, asijue aondokeje mbele ya macho yale.